Shati la Issa na Shoka la Jirani

Dada Rehema, shikamoo. Huku Newala upepo unanivalisha sweta.

Jana Kitangari mzee mmoja alikutwa shambani amepigwa, hajitambui. Jirani yake akamtaja Issa, kijana wa hapo kijijini: "Afande, tazama shati lake, damu tupu!" Afande, mama mpole, akalifuta kwa pamba, akaidondoshea dawa. Ingekuwa damu, pamba ingegeuka pinki. Haikugeuka; yalikuwa madoa ya mabibo ya korosho. Ndipo akaomba shoka la jirani mwenyewe, lililooshwa likatakata. Pamba ikawa pinki! "Ni dalili tu, maabara watathibitisha," akasema. Jirani akakaa chini.

Kanga yako niliyoazima pia imeingia madoa ya mabibo, haitakati. Nisamehe. Ila sasa nikiona kitu kimeoshwa mno, nakitazama mara mbili.

Nimekukumbuka mno,
Somoe