Miti Yetu Imenyamaza, Papa

Papa,

Ni mimi, Mado. Nimekaa kwenye jiwe lako, lile la kando ya maporomoko. Kesho asubuhi mdogo wangu Josué anataka kupanda juu ya miti yetu, ile tunayoifunga pamoja katikati ya maji ili kuning'iniza mitego ya samaki. Anayeifunga ni mimi.

Tangu tukuzike mambo yamekwenda mbio. Josué alirudi kutoka Bafwasende kwa ajili ya kilio, na hakurudi tena kuchimba dhahabu. Anasema ameshiba matope. Nilifurahi, papa, nisikudanganye. Lakini ungemwona! Amenenepa, tumbo limetangulia, na miguu imesahau maji. Mwenyewe anacheka tu. "Yaya, mimi niko mutoto wa maji," ananiambia mimi dada yake mkubwa. Mutoto gani mwenye ndevu vile?

Na ndugu yako, tonton Bosco, hatuachii hata nafasi ya kupumua. Mvua zimeanza huko juu, mto unajaa, na desturi unaijua: mahali pasipo na miti maji yakijaa, wazee wanapatoa kwa familia nyingine. Pale pale babu alipotega. Pale ulipotulea kwa samaki. Kila siku tonton yuko mlangoni: "Mado, bado? Alors, munangoja nini?" Na kupanda amenikataza. Ati ndugu yangu amerudi, mimi nifunge tu, halafu nikauze samaki.

Bon, juzi nilifunga. Kekele, ile kamba ya pori, sikuipata haraka, nikanunua nailoni sokoni Tshopo. Mpya, nene, ya buluu. Wote wakaisifu. Tonton akaitikisa miti kwa mikono miwili, akasema hata tembo apande. Wakaenda zao wakicheka. Mimi nikabaki hapa, moyo haukutulia, nikajiuliza nina nini.

Ilikuwa ule ukimya, papa. Miti ilitikiswa na haikutoa hata mlio mmoja.

Unakumbuka miaka ile ya mwisho, mikono yako ilipoanza kutetemeka? Tulikuja wawili tu. Wewe juu ya jiwe hili, mimi ndani ya maji mpaka kiunoni, mama mzima mwenye watoto wake, na wewe unanigombeza kama nina miaka sita. "Vuta! Vuta tena! Unafunga muti ao unasuka nywele?" Ee, ulikuwa na mdomo, wewe. Nikimaliza napanda mimi kwanza, maana kwako aliyefunga ndiye aliyetangulia kupanda. Na nikiwa juu hukuniangalia hata mara moja. Uliinamisha kichwa, ukafumba macho. Ilinikasirisha! Siku moja nikakuuliza kama unaogopa kuniona nikianguka. Ukaniambia: "Mado, niko nasikiliza kamba. Kekele ikisema kwii, kwii, iko inashika. Ikinyamaza, nitakuita, ushuke mbio." Uliisikiaje ndani ya kelele yote hii ya maji, sijui. Mimi ilinichukua muda mrefu kuisikia.

Sasa nailoni haisemi. Ikishika, kimya. Ikiteleza, kimya vilevile. Josué akiwa juu, na uzito ule, nitamwita kwa kusikia nini?

Basi leo mchana nimeikata yote kwa panga lako. Mti mmoja ukanichomoka mikononi, maji yakaenda nao. Tonton alipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wakasimama: "Unataka tupoteze mahali ya yaya yangu?" Yaya yake, ndiyo wewe. Nikaendelea kukata. Josué ndiye aliyenishangaza. Aliazima pikipiki, akashika barabara ya Bafwasende, na jioni hii akarudi na mzigo wa kekele na mti mpya, mikono imechanika yote. Kekele iko hapa chini ya miguu yangu, inalowa ilainike.

Maji yamepanda tena tangu nianze kukuandikia. Lile jiwe dogo ulilokuwa unawekea kofia silioni tena. Naogopa, papa. Naogopa tutapoteza mahali pako, na lawama itakuwa yangu. Lakini naogopa zaidi kumtoa Josué majini akiwa hapumui.

Nakuahidi hivi. Kukipambazuka nitafunga, na nitapanda mimi kwanza. Tonton akasirike mpaka achoke. Halafu atapanda Josué, na mimi nitarudi kukaa hapa kwenye jiwe lako, kichwa chini, macho nimeyafumba. Akidhani simjali, adhani hivyo.

Pumzika sasa, papa. Kusikiliza niachie mimi.

Mado wako