Miguu ya Kadzo na mbuzi ya kukunia nazi

Jumanne, Agosti 1986

Na mguu wangu wa kushoto bado una ganzi.

Kadzo wa kijiji cha Junju hawezi kujisogeza tangu utotoni. Akikalishwa kitini miguu ikining'inia, damu hutuama chini, nyayo zikavimba na kugeuka zambarau. Nesi amesema: ama miguu ipate pa kuegemea, ama arudi kulala ndani. Kulala hataki. Ndani anaona makuti tu. Mlangoni anawaona wapita njia, na kuwasema.

Basi miguu huwekwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Leo nimefika mimi kumhoji, mamake akaichukua anipikie wali wa nazi, na mbuzi ni hiyo moja.

"Mwandishi, lete mapaja," akasema Kadzo.

"Kadzo! Huyo mgeni!" mamake akamkemea.

"Si ndiye atakayekula?"

Nikakunja miguu mkekani, nikapakata yake. Ilikuwa baridi kama chupa ya soda. Nikaendelea kumhoji hadi tui likakamuliwa. Nyayo zake zikarudia rangi yake. Mguu wangu ukafa. Kusimama tu, nikawaangukia kuku.

"Mama, njoo! Damu ya mwandishi imegoma!"

Alicheka hadi mamake akamshika asiteleze.

Ninalohofia ni wageni wengine. Si wote watakaotoa mapaja.

Kesho nanunua mbuzi ya pili. Nitamwambia mamake hii ni ya miguu, asiikunie nazi hata nikija mimi.