Mama Anakula kwa Jina Lako

Bilele, Bukoba,
Tanganyika.
17 Aprili 1952

Mpendwa shemeji Karugendo,

Salamu nyingi kutoka kwetu zikufikie huko Jinja, zikukute mzima wa mwili na wa moyo. Je, kile kifua ulichokilalamikia kimepoa? Na vumbi la saruji huko mnakojenga bwawa mnalivumiliaje? Mimi ni mzima, cherehani yangu nayo nzima, na mvua ya masika haitupi nafasi hata ya kuanika shati.

Uzima wa nyumbani ndio nusu nusu. Dada yako Mastura yuko hospitali. Miguu ilimvimba na kichwa kikamwuma sana, daktari akaamuru alale huko huko mpaka ajifungue. Namtazama kila jioni. Anacheka, lakini mke wangu namjua: akiogopa ndipo anapocheka zaidi. Mwombee.

Sasa nikuandikie ya mama yako, na nakusihi uyasome ukiwa umekaa.

Unajua wazee wa ukoo walivyopanga alipofiwa na mzee akabaki peke yake Kimwani, kwamba kila nyumba impikie kwa zamu. Mwanzo walipika. Baadaye kila nyumba ikadhani nyumba nyingine imepika, nasi tukamkuta anatafuna ndizi mbichi. Ndipo dada yako akamleta hapa kwetu. Fedha unazotuma tunazipokea, ahsante sana, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama anahitaji mtu wa kumshikisha kijiko na kumwambia, hiki ni kijiko.

Akili yake imechakaa, shemeji. Amesahau jina la dada yako, hata msimu wa kuvuna kahawa haujui tena. Lakini mwiko wa mkwe hajausahau hata chembe! Baba yangu alitoka Bagamoyo, na kwao mkwe unamwamkia na kumbusu mkono. Mama yako akiniona hufunika uso na kukimbilia chumbani. Simlaumu, nimezaliwa hapa hapa Bukoba na mila zenu nazijua. Nilijizoeza kukohoa tangu nyumba ya jirani ili apate nafasi ya kujificha. Mtaa mzima wanadhani nina kifua kikuu.

Dada yako alipolazwa, jirani yetu Bi Zuena ndiye aliyekuwa akimlisha. Kisha Bi Zuena akapata msiba Kamachumu, akaondoka. Tukabaki wawili, mimi na mtu asiyetaka kuniona. Nikawa naweka sahani mlangoni, nakohoa, naondoka. Alikula kidogo kidogo.

Jumatatu ya wiki iliyopita mvua ilinifukuza barazani ninakoshonea, nikarudi nyumbani mchana. Nilikohoa, lakini nani asikie kikohozi chini ya bati mvua ikipiga? Tukakutana uso kwa uso ukumbini. Alipiga ukelele, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akateleza, akaangukia mtaro uliojaa maji. Niliita wanawake wa mtaani mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyesikia. Maji yalikuwa yanamfika kidevuni. Nikaruka ndani, nikamkumbatia, nikamtoa.

Wallahi, shemeji, ningemwacha afe ili nilinde heshima?

Hakuvunjika popote. Lakini tangu hapo aligoma kula. Alijigubika shuka, akawa analia tu, “Mkwe wangu amenishika. Uso wangu nitauficha wapi?” Chakula kilirudi kama kilivyokwenda, na uji vivyo hivyo. Nilikaa nje ya mlango nikimbembeleza kama mtoto. Nikampelekea habari baba yako mdogo, Ta Ishengoma, nikidhani ataleta mwanamke wa ukoo wa kutusaidia. Badala yake akajibu kwamba nimemvunjia mama heshima, na kwamba Jumamosi ya wiki ijayo atakuja na watu wamrudishe Kimwani. Kwenye nyumba iliyofungwa! Kwa zamu zile zile! Nilikasirika hata nikashona mfuko wa koti la mtu mgongoni.

Asubuhi moja nilimpelekea uji, na kwa uchovu nikasahau kukohoa. Alinitazama machoni. Hakujifunika. Akasema, “Karugendo, mwana wange, umefika?”

Nikawaza haraka. Nikisema hapana, mimi ni Zahoro, atajigubika tena na kufa kwa njaa. Nikasema, “Nimefika, mama.” Akanywa uji wote, akaomba mwingine.

Tangu siku hiyo mimi ndiye wewe. Namlisha, namnawisha uso, naye ananipapasa shavu. Huniuliza habari za Jinja, nami nazitunga. Aliuliza kama nimeoa, nikasema bado natafuta. Kama nimekosea unisamehe, lakini na wewe umezidi kutafuta. Nilipomsimulia dada yako alilia, na safari hii hakucheka. Kila asubuhi naingia chumbani kwa mama nikiogopa. Akili ikimrudia hata kidogo, akaona kwamba anayemnawisha ni mkwe wake, sijui kama tutamwokoa tena.

Na Ta Ishengoma sitaweza kumzuia. Mimi ni mkwe tu, na mbele ya ukoo neno langu halina uzito. Neno la mwana wa kiume ndilo watakalolisikiliza. Mama akirudishwa Kimwani hatafika mavuno, nakwambia wazi, nisije nikalaumiwa kwamba nilificha.

Lakini lililonifanya nishike kalamu leo ni jingine. Jana alipomaliza kula alinishika mkono kwa nguvu, akauliza, “Mbona hukuja kumzika baba yako?”

Sijawahi kukuuliza jambo hilo, wala leo sikuulizi. Yeye akawa ananisubiri, mkono hauachii. Nikapiga magoti nikasema, “Nimekosa, mama. Nisamehe.” Kisha akaniwekea mikono yote miwili kichwani, akasema amekusamehe, tena alikusamehe siku ile ile ya mazishi, ila hakupata wa kumwambia.

Nilitoka nje nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Msamaha huo si wangu, shemeji. Nimeupokea kama mtu anayepokea mzigo wa jirani aliye safarini, na unanichoma mikononi. Panda meli ya Port Bell ya wiki ijayo, kabla ya Jumamosi hiyo. Huenda ukiingia asikutambue, akakuona mgeni, na mimi niko kando yake nimekaa na jina lako. Njoo hivyo hivyo. Tutatafuta namna ya kukurudishia.

Mastura anakusalimu sana na anasema umletee khanga za Uganda. Bi Zuena naye alikutaja alipokuwa akiondoka. Nisalimie Philbert na Datius, na vijana wote wa Muleba mlioko huko. Mama peke yake hakutuma salamu. Yeye anajua umekwisha fika.

Mungu akuvushe ziwa salama.

Wako akupendaye,
shemeji yako,
Zahoro