Luliki ya Wekesa

Jumapili, Agosti 4
Tuwan. Nimefua, nimepika ugali na mrenda. Likizo ni kama zile zingine: nusu kwa Mama hapa Kitale, nusu kwa Baba kule Chwele, Bungoma. Baba amepiga simu. Wekesa, ndugu yangu mdogo, anatahiriwa tarehe 17. Mama amesikia.

Jumatano, Agosti 7
Shida ni luliki. Kwa Wabukusu, siku moja kabla ya kisu, mjomba huchinja fahali na kumvisha kijana nyama ya kidari shingoni, ndiyo luliki. Bila hiyo wazee wa Baba hawamtahiri. Na Mjomba ni Msabaoti kama Mama, si Mbukusu. Amekataa. Ati kwao hutahiri Desemba. Ati Baba alimfukuza Mama, dada yake, sasa anataka fahali. Nimechoka na hawa watu wazima.

Jumatatu, Agosti 12
Wekesa amepiga simu. Anazunguka na njuga akialika watu, sauti imemwisha. Ameniuliza kama Mjomba amekubali. Nimesema ndiyo.
Nimedanganya.

Jumanne, Agosti 13
Nimemwambia Mama. Hajanigombeza. Amejifunga leso, ameenda kwa kaka yake na miguu. Amerudi jioni. "Atachinja." Basi.

Ijumaa, Agosti 16
Wekesa alitukuta kwa Mjomba, akiwa na pikapu mbili za watu wa Baba, wakiimba. Fahali akaanguka. Mjomba akaanza kukata kidari vipande vipande, kama nyama ya kuchoma. Hakujua. Wimbo ukakatika. Kidari ni kimoja tu, bana.
Mama akatoka jikoni, mikono ina unga. "Wacha hapo. Kilichobaki usikigawe. Toboa katikati, kichwa kipite."
Miaka sita hajakanyaga Bungoma. Jina la Chwele hataki kulisikia. Na anajua kila kitu. Nilimwangalia kama mgeni.
Mjomba alitoboa. Akamzaba Wekesa kofi la desturi, akamwambia asimwaibishe, akamvisha. Damu ya nyama ilimchuruzika Wekesa kifuani, hakuipangusa. Nilimwogopa ndugu yangu.

Jumamosi, Agosti 17
Chwele. Alfajiri walimleta Wekesa kutoka mtoni, matope mwili mzima. Alisimama mbele ya kisu. Hakupepesa jicho.
Katika vile vigelegele nikajua sauti moja. Mama, nje ya lango.
Baadaye Baba aliniuliza nani alimwelekeza Mjomba kukata luliki vizuri hivyo. Nikamwonyesha lango.
Akabeba kiti, akampelekea. Hawakusalimiana. Mama akakaa.