Kazi za Mikono Zauzwa Kawangware

Jumatatu, 3 Machi

Dawa. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena. Binti yangu Mwende ameondoka mapema. Yeye ndiye mwalimu mkuu sasa. Anataka jibu langu: karakana ya shule ibaki, au iwe darasa la kukaririsha mitihani? Kiwanja bado ni changu. Daktari hakusema nimebakiza muda gani. Alitazama dirisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda nikimfikiria yule mwanafalsafa wa Kihindi. Kitabu chake nilikisoma chuoni, nikaja nacho hapa Kianda, nikaanzisha shule. Mtoto afundishwe kichwa, mikono na moyo kwa pamoja. Wazazi walinung'unika miaka yote. Sasa serikali yenyewe imeleta mtaala wa namna hiyo. Ningefurahi. Sifurahi. Sielewi.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani yetu, Mama Faith, amepita na sanamu ya kutishia ndege. Kofia, vifungo, mshono safi. Binti yake aliagizwa aitengeneze shuleni. Nikasifu mikono ya mtoto. Mama akacheka.

"Nimeinunua Kawangware, Mwalimu. Kuna jamaa anauza homework. Mimi natoka job usiku, nitashona saa ngapi?"

Jamaa mwenyewe ni Shikuku. Mwanafunzi wangu wa zamani. Hakuna aliyemshinda kwa mikono.

Jumapili, 9 Machi

Nilimwita Shikuku, akaja baada ya kanisa. Amenenepa. Ameleta machungwa. Kibanda chake cha Kawangware kimekuwa kidogo, anataka nimkodishe karakana. Nikamkaripia: unawaibia watoto masomo yao. Hakukasirika hata kidogo.

"Aki Mwalimu, si ni wewe ulinianzisha? Wageni wakikuja, ulikuwa unanituma soko nikuchukulie viondo."

Mwende alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina hadi ikafurika.

Jumatatu, 10 Machi

Ni kweli. Niandike kabla sijaondoka nayo.

Watoto walisuka viondo, vikapu vya mkonge, vikapinda. Wafadhili walikuwa njiani. Niliogopa. Vya watoto nikavisukuma chini ya benchi, vya sokoni nikavipanga mezani. Nikasema, hii ni kazi ya watoto wetu. Wageni wakapiga makofi. Watoto walikuwa wamesimama pale pale, wananisikia. Shikuku alikuwa miongoni mwao.

Basi nilifundisha nini? Yule Mhindi alikosea? Au ni mimi? Mama Faith anarudi usiku, miguu inamuuma kama yangu, naye nimlaumu? Kila nikishika upande mmoja, mwingine unaniponyoka. Nilidhani mtu akikaribia kufa huona vizuri zaidi. Uongo.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Mwende karakana ibaki. Nimemwambia Shikuku aichukue, lakini mtoto wa kila mteja akae hapo atengeneze mwenyewe.

"Hapo nitafunga duka, Mwalimu."

Tukavutana kama wauza viazi. Mwishowe: yeye akate, mtoto ashone.

"Yaani mmekubaliana nusu ya uongo, Baba," Mwende akasema.

Labda. Ile nusu nyingine sina nguvu nayo. Pumzi imekuwa fupi, nimepumzika mara nyingi kuandika haya.

Ijumaa, 21 Machi

Wamenibeba kwa kiti hadi karakana. Harufu ya gundi. Cherehani ya Shikuku iko pale palipokuwa na benchi langu.

Faith alikuwapo, anashona mkono wa mwanasesere aliyeagizwa shuleni. Alipomaliza hakuondoka. Akaokota vipande vya kitambaa sakafuni, na waya, akafunga, akafungua, akafunga tena. Hakuna aliyemwagiza. Kilipokamilika akakiweka mapajani pangu, akatoka mbio kucheza.

Kimepinda vibaya sana.

Nimemwomba Mwende akiweke mezani, mbele. Amekiweka. Tumekaa tukikitazama. Ni ndege au ni kiatu, sijui.