Divorce yetu haionekane

Ngalula mwanangu,

Sombe iko ku mbabula, usiache majani iungue ku moto. Bukari utapika wewe.

Niko naenda ku tribunal, kwa juge, na baba yako. Asubui ulinicheka sana, lakini ni kweli: bila karatasi ya divorce, ku commune habatakubali ndoa yangu na Ruben. Jana greffier, mwandishi wa tribunal, alitafuta majina yetu ku kitabu ya divorce, akakosa. Wakati tuliachana, sisi tulizania jamaa yangu ikirudisha mali ya ndoa mbele ya bazee, mambo imeisha. Kumbe hakuna mwenye alifikaka ku tribunal. Leo ndiyo tunaenda kuomba kuachana.

Baba yako amefika na shati ya pasi, kama siku ya ndoa yetu. Nikamufungia kifungo ya ku shingo.

~~Usimuwekee chakula.~~ Umuwekee. Mpaka juge aseme, angali bwana yangu.

Mama yako