Punguza Kidogo Tu

Kate, ukitoka kanisani kwenu nipigie. Mamake Ngowa amefariki.

Ngowa wetu, yule anayekaribisha watu mlangoni. Nyumba yao si iko hapa hapa Makadara, ukuta mmoja na kanisa.

Tulikuwa kwenye sifa, mimi niko kwenye mitambo ya sauti kama kawaida. Akaja mbio, hata viatu hakuvaa. Akaniambia sikioni, "Dada Winnie, punguza kidogo tu. Mama anataka kusema nami, simsikii."

Nikamwambia angoje tumalize sifa.

Kate, nilimwambia angoje. Tulikuwa na wageni, nikaogopa kuharibu ibada. Nikafumba macho, nikaimba nyimbo mbili zaidi. Sijui nilikuwa namwimbia nani.

Amerudi baada ya baraka. Hakunigombeza. Amesema tu, "Midomo niliiona ikisema. Sikusikia hata neno moja."

Mchungaji ameenda kwao. Mimi nimebaki hapa kanisani. Nimezima spika zote. Kumbe pakiwa kimya ukuta huu si kitu. Namsikia Ngowa anavyomwita mamake, wazi kabisa.